Tusimkimbize Mkimbizi Ndani ya Nyumba ya Mungu

Jumapili moja korali iliimba bila besi. Watu wengi hawakugundua. Sisi tuligundua, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya mwenzetu, na tulijua kwa nini haikuwepo.

Wiki iliyotangulia mhubiri alisimama mbele akasema kuna roho chafu imeingia katika vijana wa korali. Hakutaja jina, na hakuhitaji kulitaja. Alisema tu kijana anayetembea hivi, anayecheka hivi, anayependa kukaa na dada zake wakisukana, na macho ya kanisa lote yakageukia mstari wa nyuma. Ibada ilipokwisha wakamwita mbele. Wakamwekea mikono kichwani, wakamsukuma huku na huku, wakapiga kelele juu yake karibu saa nzima ili pepo atoke. Mama yake alikuwa analia. Yeye hakulia. Alirudi nyumbani, akafua sare ya korali, akaipiga pasi, akaipeleka kwa kiongozi ikiwa imekunjwa vizuri. Hajarudi tena.

Hatutaji kanisa, hatutaji kambi, hatutaji umri wake. Sisi tunaoandika tumetawanyika: wengine tuko kambini Kinama, kule Gasorwe upande wa Muyinga, wengine tumepanga mjini Gitega, wengine tuko vijijini Buraza. Tuliposimuliana habari hii, kila mmoja alisema: hata huku kwetu nimeona kitu kama hicho. Kwingine ilikuwa binti aliyeambiwa afunge siku tatu bila maji ili aanze kutamani wanaume. Kwingine ilikuwa kijana aliyemwambia mzee wa kanisa siri yake saa kumi, na saa kumi na mbili baba yake alikuwa anamsubiri mlangoni na fimbo.

Njo maana tumeamua kuandika. Tukisema LGBT, tunamaanisha wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, wanaopenda wote, na wale ambao mwili waliozaliwa nao haufanani na vile wanavyojijua wenyewe. Hatuna uwezo wa kumaliza mabishano ya wachungaji, mapadri na masheikh juu ya watu hawa. Mabishano hayo yapo Roma, yapo London, yapo Kampala, na yataendelea. Sisi tunasema jambo moja tu: wakati wakubwa wanabishana, kusanyiko la wakimbizi linaweza kuanza leo kuwa mahali ambapo mtu hatajwi, hapigwi na hafukuzwi. Huo ndio ukaribisho wa kwanza. Bila huo, mengine yote ni maneno.

Mtu ambaye hajaishi kambini anaweza kusema: "Basi ahame, makanisa ni mengi." Ndugu, hujui kanisa ni nini kwetu. Unapofika umeshika mtoto mkono mmoja na sufuria mkono wa pili, HCR inakuandika na PAM inakuhesabu kwenye chakula, lakini anayekuuliza jina la kijiji chako ni mama wa kanisa. Ukishikwa na malaria siku ya mgao, mtu wa kanisa ndiye anayekubebea unga wako. Ukifiwa, kanisa ndilo linachanga. Ukitaka kuoa, wazee wa kanisa ndio wanasimama kama wazee wako, maana wazee wako wa damu walibaki Uvira, Fizi au Masisi, au waliishia njiani. Mtoto aliyefika peke yake, mara nyingi familia iliyomchukua ilipatikana kanisani. Na msikitini ni vile vile: kuna futari, kuna madrasa, kuna watu wa kukuosha na kukuzika ukifa mbali na kwenu.

Kwa hiyo mtu akitolewa kwenye kusanyiko, hatolewi kwenye ibada ya saa tatu tu. Anatolewa kwa watu wote wanaojua kwamba yupo. Anabaki na kadi ya mgao na turubai lake. Tumeona mtu wa namna hiyo akiumwa siku nne bila jirani kubisha hodi, kwa sababu jirani aliogopa kuonekana anaingia kwake. Mtu huyo alishakimbia vita mara moja. Sasa anakimbizwa na watu aliokimbia nao.

Tunajua nchi tuliyopo. Sheria ya jinai ya Burundi, tangu mwaka 2009, inaadhibu mapenzi ya watu wa jinsia moja, na ile ya mwaka 2017 ikaendelea hivyo hivyo: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, na faini ya faranga 50,000 hadi 100,000. Tarehe 22 Februari 2023, hapa Gitega, polisi waliingia kwenye semina ya shirika moja linaloshughulika na mambo ya UKIMWI, wakakamata watu 24. Mwezi wa nane mahakama ikawahukumu saba. Siku chache baada ya watu hao kukamatwa, kwenye maombi ya kitaifa ya tarehe 1 Machi, wananchi walihimizwa na Rais kuwalaani watu wa namna hiyo. Na mwisho wa mwaka huo huo, tarehe 29 Desemba, Rais alisema hadharani kwamba wangepelekwa uwanjani wakapigwe mawe. Jumapili iliyofuata maneno yale yalirudiwa kwenye mimbari tunazozijua. Watoto wadogo waliyarudia wakicheza.

Basi hatuwaambii viongozi wetu wapandishe bendera, wala waende redioni. Hatuombi kanisa lifungishe ndoa. Hatuombi mtu yeyote asimame aseme "mimi ndiye". Mahali ambapo kujitaja kunaweza kukupeleka jela, kumlazimisha mtu ajitaje si upendo, hata kama aliyekuja kumhimiza ametoka Ulaya na nia nzuri. Tunachoomba ni kidogo kuliko hicho, na ni kigumu zaidi: kwamba kanisa lenyewe lisiwe la kwanza kumtaja.

Sisi Wakongomani tulioko Burundi tuna sababu yetu ya kuogopa kutajana. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kwenye kambi ya muda ya Gatumba, karibu na mpaka wa Uvira, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge. Walionusurika wamesimulia kwamba wauaji walikuja wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za dini. Tukumbuke hilo vizuri. Kabla ya panga na risasi kulikuwa na jina: hawa si watu wetu, hawa ni uchafu, hawa ni adui. Hatusemi mahubiri ya Jumapili ni sawa na Gatumba. Tunasema tunajua njia inaanzia wapi, na kwamba wimbo wa Mungu unaweza kutembea kwenye njia hiyo bila aibu.

Na si mbali sana na hapo. Kambini Kakuma, Kenya, mwezi wa tatu mwaka 2021, wakimbizi wawili wa LGBT walirushiwa moto wakiwa wamelala. Mmoja, aliyekuwa amekimbia Uganda, alifariki mwezi uliofuata kwa majeraha ya kuungua. Alikuwa mkimbizi kama sisi, na alikuwa na kadi kama yetu.

Tunazijua hoja ambazo tutajibiwa, maana tunazisikia kila siku kwenye bomba la maji.

Ya kwanza: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Jamani, mwenzetu wa besi alizaliwa milimani Kivu Kusini. Mzungu wa kwanza aliyezungumza naye alikuwa daktari, na walizungumza juu ya minyoo. Isitoshe, Congo tulikotoka haina sheria inayoliita jambo hili kosa la jinai, na Rwanda pia haina. Hizo ni nchi za Waafrika wenzetu, na zina makanisa yaliyojaa kuliko yetu.

Ya pili: "Banajifanya tu, juu bapelekwe nchi ya tatu." Hii ndiyo inatuuma zaidi. Ni kweli watu wanatafuta kila mlango wa kutoka kambini, na nani atawalaumu? Lakini fikiria bei yake. Mtu akubali kupigwa, kuitwa pepo, kukataliwa na mama yake, kukosa mtu wa kumchotea maji akiumwa, kwa ajili ya kesi ambayo inaweza kukaa miaka bila jibu? Hakuna anayenunua tiketi kwa bei hiyo. Na kama hata mmoja amedanganya, kupima kesi ni kazi ya ofisi zinazohusika. Kanisa halikupewa kazi hiyo.

Ya tatu: "Maandiko yako wazi." Hapo tunaongea kwa heshima, kwa sababu sisi ni watoto wa kanisa na wa msikiti, si wageni. Tumesoma pia. Habari ya Sodoma inaanza na wageni wawili waliofika jioni bila pa kulala, na mji uliotaka kuwafanyia ubaya. Nabii Ezekieli alipoieleza dhambi ya mji ule, alianza na kiburi, shibe, na kutomshika mkono maskini. Sisi tuliofika mipakani jioni tunaielewa habari hiyo kutoka upande wa wageni. Ndugu zetu Waislamu wa Muyinga wanajua kwamba Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, walikimbilia Habasha, na mfalme Mkristo akakataa kuwarudisha kwa watesi wao. Wanajua pia kwamba sura ya Hujurat inakataza kupelelezana na kusengenyana. Mtu anaweza kushika mafundisho yake yote juu ya ndoa na bado akakataa kumpeleleza, kumsukuma na kumtangaza jirani yake.

Si sisi tu tunaosema hivyo. Mwezi wa pili mwaka 2023 Papa Fransisko alitembelea Kinshasa, kisha Sudan Kusini. Tarehe 5, ndani ya ndege ya kurudi, yeye, Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Scotland walisema wote watatu kwamba kuwafunga watu kwa sababu hii si haki. Papa akaongeza kwamba mzazi hana ruhusa ya kumfukuza mtoto wake nyumbani. Siku 17 baadaye watu 24 wakakamatwa Gitega. Na mwezi wa kwanza mwaka 2024, maaskofu Wakatoliki wa Afrika, wakiongozwa na Kardinali Ambongo wa Kinshasa, walikataa kabisa kubariki wapenzi wa jinsia moja. Kila mtu kambini anakumbuka kukataa huko. Wachache wanakumbuka kwamba barua ile ile ilisema watu hawa lazima watendewe kwa heshima na utu. Basi hata ukiwa upande wa wale waliokataa, heshima bado unadaiwa.

Kuna pia waliokwenda mbali zaidi. Uganda, Askofu Christopher Senyonjo, aliyeongoza dayosisi ya Kianglikana ya Buganda Magharibi, alianza kuwasikiliza vijana wa LGBT baada ya kustaafu, na kanisa lake likamnyang'anya huduma. Mwaka 2011, David Kato, mtetezi wa haki za watu hao, aliuawa nyumbani kwake. Kwenye mazishi mhubiri mmoja alichukua kipaza sauti akaanza kuwashambulia waombolezaji. Mzee Senyonjo ndiye aliyebaki nao, akasali kaburini, akawabariki. Nairobi, tangu mwaka 2013, kuna kusanyiko la Cosmopolitan Affirming Church ambako watu wa LGBT wanaabudu bila kujificha wenyewe kwa wenyewe. Sisi hatuna nafasi ya kufanya kama Nairobi. Lakini kila kambi inaweza kuwa na mzee mmoja kama Senyonjo, anayebaki kaburini wengine wakiondoka.

Sasa tuseme vitu vya kufanya, ili isionekane tumekuja kulia tu.

Kwanza, mimbari isitumike kuonyesha mtu kidole. Mhubiri anaweza kufundisha anachoamini bila kueleza "kijana anayetembea hivi". Ukieleza mwendo wa mtu, umeshamtaja.

Pili, maombi ya kutoa pepo kwa nguvu yaishe. Mtu akiomba kuombewa, aombewe amekaa, mlango ukiwa wazi, bila kushikwa wala kusukumwa, na akisema basi, iwe basi. Asinyimwe chakula wala maji. Mtoto asiletwe na mzazi kama mbuzi wa kupimwa.

Tatu, siri ikae siri. Kijana akimwambia mchungaji, padri au imamu jambo lake, lisiende kwa baba, wala kwa mke wa mchungaji, wala kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazee. Baba akijua, kinachofuata tumeshakiona: fimbo, kisha barabara.

Nne, mambo ya uhai yasiwe na mtihani. Kutembelea mgonjwa, kumbebea mtu mgao, kuchangia msiba, kuzika: hivi ni vya kila mtu aliye kambini. Kumpa mtu kiti na sahani ya ugali na sombe si kufungisha ndoa. Ni ubinadamu.

Tano, asiyefanya kosa asinyang'anywe huduma. Kama anajua kuimba, aimbe. Kama anafagia kanisa Jumamosi, aachiwe ufagio wake.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, tuna neno pia. Kijana akipata ujasiri wa kuja ofisini kusema yanayompata, mbele yake anakuta afisa anayeongea Kifaransa, na pembeni anakuta mkalimani. Mkalimani huyo ni nani? Ni mkimbizi mwenzetu aliyesoma kidogo. Na mkimbizi aliyesoma kidogo, Jumapili ndiye katibu wa kanisa, au mwalimu wa korali, au mtoto wa mchungaji. Kijana anauangalia uso ule, anameza mate, halafu anasema alikuja kuuliza habari za blanketi. Nanyi mnaandika: blanketi. Tafadhali, mpeni nafasi ya kuchagua mkalimani, hata kwa simu, hata kutoka mkoa mwingine. Msiwaite watu wa aina moja kwenye ukumbi mmoja na karatasi ya kusaini majina. Gitega imetufundisha sote. Na msiwaruke viongozi wa dini mkidhani wote ni ukuta. Kaeni nao, mmoja mmoja, bila kamera, mwaanzie kwenye mambo wanayoyakubali tayari: mgonjwa, mtoto, maiti. Wapo mapadri, wachungaji na masheikh ambao mioyo yao imeshaguswa, ila hawajui kwamba mwenzao wa mtaa wa pili naye ameguswa.

Kwa wewe mwenzetu ambaye unasoma hii umejificha chini ya blanketi, mwanga wa simu ukiwa umepunguzwa: hatuhitaji kukujua jina. Hujakosea kutaka kusali. Usijitaje mahali usipopaamini, hata kwa kuhimizwa na sisi. Tafuta mtu mmoja, mmoja tu, ambaye umemwona akitunza siri ya mwingine. Anza na huyo.

Mwenzetu wa besi bado hajarudi. Juzi mmoja wetu alimsikia akiimba akiwa kwenye foleni ya maji, sauti ya chini, wimbo ule ule wa Jumapili tuliouimba bila yeye. Alipogundua anasikilizwa akanyamaza.

Sare yake bado iko kwa kiongozi wa korali, imekunjwa. Kiongozi, tunajua unasoma kurasa hizi. Tunakuomba usimpe mtu mwingine.